Kuvu ya Maktaba: Kabla ya Kulaumu Mvua, Tazama Kufuli

Shule za pwani hufunguliwa Januari, vuli ikiwa imepita na vyumba vimekaa wiki kadhaa bila mtu. Mwalimu anayeshika ufunguo wa maktaba akisukuma mlango, harufu humpokea kabla macho hayajazoea giza: uvundo wa nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Kisha huviona vitabu. Majalada meusi yamefunikwa vumbi la kijani na kijivu. Kamusi zimevimba. Atlasi yenye karatasi za kung'aa imeshikana kurasa kama imepakwa gundi. Mwalimu hupangusa kitabu cha kwanza kwa kiganja, hupiga chafya, na husema lile ambalo kila mtu husema: mvua za mwaka jana zilizidi.

Mvua haikosi sehemu yake, wala siitetei. Lakini katika shule hiyohiyo, chini ya mvua hiyohiyo, vitabu vya kiada vinavyoshikwa na wanafunzi kila siku vitachanika, vitachafuka, vitapoteza majalada, na bado ni nadra kuota kuvu. Vinaota vile vilivyofungiwa. Ukiifuata tofauti hiyo hadi mwisho wake hutaishia kwenye paa wala mawinguni. Utafika kwenye kufuli, na kwenye hofu iliyomfanya mwalimu alifunge.

Kuvu hutaka nini

Pwani tuna majina kadhaa ya kitu hiki. Koga ni utando unaoonekana kwenye kiatu cha ngozi kilichokaa chini ya kitanda. Ukungu ndilo neno la wengi, kuvu ni la vitabu vya sayansi, na vijana husema fangasi. Majina yote yanataja kiumbe hai. Kwenye vitabu hukutwa zaidi jamii za Aspergillus na Penicillium, ambazo mbegu zake, spora, huelea hewani kila mahali: darasani, sokoni, hata wodini. Hakuna maktaba isiyo na spora. Zipo tu maktaba ambamo spora hazijapata maji.

Chakula kipo tayari. Karatasi ni selulosi, sehemu ileile ya mmea inayooza shambani. Gundi ya wanga, kitambaa cha jalada, vumbi, jasho na mafuta ya vidole ni kitoweo juu yake. Joto la pwani kuvu hulifurahia karibu mwaka mzima. Basi kati ya mahitaji yote ya kuvu, limebaki moja ambalo mwanadamu anaweza kulinyima, nalo ni maji. Wahifadhi wa nyaraka huweka kizingiti kwenye asilimia 65 hadi 70 za unyevu wa hewa. Chini ya hapo kuvu hulala. Unyevu ukikaa juu ya hapo kwa siku kadhaa, huamka. Kitabu kilicholowa kabisa hakingoji hata hivyo, kwani ndani ya saa 48 hadi 72 huanza kuota.

Ndiyo maana tatizo hili lina jiografia yake. Mvua ya Dar es Salaam hupita milimita 1,000 kwa mwaka, ya Dodoma hukaribia 600, na Dodoma huwa na miezi mingi mfululizo ya ukavu. Kitabu cha Dodoma hugeuka rangi ya kahawia, hukauka gundi, huliwa na mchwa. Cha Tanga, Unguja, Mombasa au Lamu huota kuvu. Ushauri wa kutunza vitabu ulioandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, au hata kwa ajili ya Dodoma, haufai kuhamishiwa pwani bila kupimwa upya.

Kuna hesabu moja ambayo kila mwalimu wa maktaba wa pwani angefaa kuijua. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa iliyopoa. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 huweza kubeba takribani gramu 30 za maji; ya nyuzi 24, takribani gramu 22. Chukua mchana wa kawaida: nyuzi 30, unyevu asilimia 65. Hewa hiyo ina gramu 20 hivi za mvuke. Ukiifungia chumbani jioni, na usiku ikapoa hadi nyuzi 24, gramu hizohizo 20 zinakuwa kama asilimia 90 ya uwezo wake. Paa halikuvuja, na hakuna tone lililoingia kutoka nje. Chumba kimevuka kizingiti kwa kupoa tu, na mahali palipopoa zaidi, yaani nyuma ya rafu iliyogusa ukuta wa nje na ndani ya kabati la chuma, ndipo kuvu huanzia.

Ukuta, bati na kiyoyozi

Majengo yetu huiongezea kuvu nguvu kwa njia ambazo hazionekani haraka. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, miji iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa Unesco mwaka 2000 na 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupumua: ukuta hunyonya unyevu, kisha huutoa hewani. Ukuta kama huo ukipigwa plasta ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta, unyevu hukosa pa kutokea. Hurudi ndani, ukabandua rangi na kulowesha kila kilichoegemezwa hapo. Shule yenye maktaba ndani ya jengo la kale ikikarabatiwa kwa saruji huonekana mpya kwa mwaka mmoja, kisha madoa hurejea makubwa kuliko ya awali.

Jengo la kisasa la matofali ya saruji lina udhaifu wake. Pale ambapo fundi hakuweka tabaka la kuzuia maji juu ya msingi, maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Alama yake ni mstari wa chumvi na plasta inayomong'onyoka karibu na sakafu. Chini ya paa la bati lisilo na dari, mvuke hugandia bati linapopoa usiku na kudondoka alfajiri. Watu husema bati linatoa jasho. Luva za vioo zilizovunjika huzibwa kwa mbao, na upepo wa kusi au wa kaskazi ambao ungekausha chumba bure hukosa njia.

Mahali penye umeme wa kutosha, wengine huona kiyoyozi ndicho jibu. Kiyoyozi hukausha hewa kinapofanya kazi saa zote. Kikiwashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa tisa alasiri ili kuokoa umeme, huacha vitabu na kuta zikiwa baridi, kisha hewa ya nje yenye mvuke huingia na kuzigusa. Matokeo ni yale ya chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Kwa maktaba ya shule isiyoweza kulipa umeme wa usiku kucha, pangaboi na madirisha yanayofunguka vina faida kuliko kiyoyozi cha nusu siku.

Kufuli na leja

Shule nyingi hazina mkutubi aliyesomea kazi hiyo. Tanzania ina Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya 1963, na Bagamoyo, katikati ya pwani yenyewe, kuna chuo chake cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka. Hata hivyo, maktaba ya shule ya kawaida hukabidhiwa mwalimu mwenye vipindi kamili vya kufundisha. Hupewa vitu viwili: leja na ufunguo. Siku ya makabidhiano leja humuuliza swali moja tu: vilikuwa vingapi, na viko vingapi? Kitabu kilichopotea humtaka aandike maelezo, pengine alipe. Kitabu kilichooza rafuni huhesabiwa kuwa kipo.

Mtu mwaminifu aliyewekwa katika hali hiyo atafanya lililo la busara kwake: atafunga. Ataviweka vitabu bora, vile vipya na vya gharama, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli. Atavivika nailoni visichafuke. Masanduku ya msaada ataacha yamefungwa kwenye stoo hadi apatikane wa kuyaorodhesha. Kila hatua ni ya mtunzaji mwangalifu, na kila hatua hutengeneza nyumba ya kuvu: giza, hewa iliyosimama, joto, na nailoni inayozuia unyevu usitoke. Hivyo vitabu vinavyotunzwa zaidi ndivyo vinavyoharibika kwanza. Mwalimu hana kosa hapo. Kosa ni la swali tunalomuuliza.

Nakubali kwamba wizi na upotevu wa vitabu ni mambo ya kweli. Shule yenye nakala 10 za kamusi kwa wanafunzi 600 haiwezi kuziacha barazani. Ila tupime hasara kwa hasara. Kitabu kilichopotea mikononi mwa mwanafunzi huenda bado kinasomwa mahali fulani. Kilichooza kabatini hakisomwi na yeyote, na huambukiza jirani zake. Zaidi ya hayo, kitabu kinachoazimwa hufunguliwa, hupepewa, husafirishwa, hurudishwa na kukaguliwa na mwenye daftari la maazimio. Kusoma kwenyewe ni kinga. Maktaba inayotumika kila siku hufunguliwa madirisha kila siku, na doa la kwanza la kuvu huonwa na mtu siku linapoanza.

Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 nchini Tanzania umeongeza uzito wa jambo hili. Vitabu vya mtaala unaoondoka vinalundikwa stoo, kwa kuwa kuvifuta kwenye leja kuna taratibu zake na hakuna anayetaka kuzianza. Lundo hilo likiota kuvu hugeuka kitalu cha spora kando ya vitabu vipya. Kuvifuta mapema ni sehemu ya kuvilinda vilivyobaki.

Kutibu bila kuua mgonjwa

Kuvu ikishaonekana, mikono hukimbilia tiba za nyumbani. Ya kwanza ni jua. Jua hukausha kweli, na kuvu iliyokauka hulala. Lakini jua kali la saa kadhaa hupindisha majalada, hupausha rangi na kukausha gundi hadi kurasa zikachomoka. Ya pili ni dawa ya kung'arisha nguo, ile inayotumika chooni. Hiyo yafaa kwa ukuta wa saruji na sakafu, lakini karatasi huilainisha na kuila polepole. Ya tatu ni nafthalini, ambayo hufukuza nondo na kuacha kuvu ilivyo, huku mvuke wake ukimdhuru anayeuvuta. Ya nne ni kufukiza kwa kemikali kali. Zamani maktaba kubwa duniani zilitumia ethilini oksidi na fomalini. Leo zote mbili zimo katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu, na hazina nafasi katika chumba cha watoto.

Njia salama ni ya polepole, na haina siri. Kwanza, tenga. Vitabu vilivyoota vitolewe chumbani ndani ya maboksi yaliyofunikwa, visipitishwe kati ya madawati. Pili, kausha kabla ya kufuta. Kuvu mbichi ikipanguswa hupakwa ndani ya nyuzi za karatasi kama wino, na doa halitoki tena. Visimamishe vitabu wima barazani, kivulini, penye upepo, kurasa zimeachana, na uvigeuze mara kwa mara. Kilicholowa sana kiwekewe karatasi nyeupe za kunyonya maji kila baada ya kurasa chache, zibadilishwe zikilowa. Tatu, kuvu ikishakuwa unga mkavu, ipanguswe nje ya jengo kwa brashi laini, upepo ukitoka mgongoni mwako. Nne, jalada gumu lipitishwe kitambaa chenye spiriti kidogo ya asilimia 70, baada ya kujaribu pembeni kama rangi haitoki. Asilimia 70 hushinda spiriti kali zaidi kwa sababu maji yaliyomo huisaidia kupenya. Mwisho, rafu zioshwe na zikauke kabisa, na chumba kirekebishwe kabla kitabu chochote hakijarudi. Anayerudisha kitabu safi kwenye chumba kilekile cha unyevu atakitoa tena masika yajayo.

Mafuriko yana kanuni yake, nayo ni mbio dhidi ya saa. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika katika mji wa Florence, Italia, na zaidi ya vitabu na nyaraka milioni moja za maktaba kuu ya taifa mjini humo vililowa. Vijana waliojitolea, wengi wao wanafunzi, walipanga mistari na kupitishana vitabu mkono kwa mkono kutoka kwenye matope, na vingi vilikaushwa katika mabanda ya kukaushia tumbaku. Hawakuwa na mitambo ya vitabu. Walitazama mkoa wao una nini cha kukaushia. Miaka iliyofuata wahifadhi walijifunza kwamba kitabu kilicholowa kikigandishwa, kuvu husimama, na mtu hupata muda wa kukausha vichache kwa zamu. Pwani yetu, iliyoona mafuriko ya Rufiji na Kibiti mwaka 2024, ina majokofu ya kugandishia samaki karibu kila mji. Mkuu wa shule anayejua hilo kabla ya mafuriko anaweza kuokoa rejista na vitabu adimu ambavyo vingeoza ndani ya siku tatu. Akumbuke tu kwamba barafu haiiui kuvu; huizuia kwa muda.

Mapafu kabla ya majalada

Kuna desturi moja inayopaswa kukoma mara moja: kuwatuma wanafunzi kusafisha stoo ya vitabu vyenye kuvu, wakati mwingine kama adhabu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, na likahusisha hali hizo na pumu na matatizo mengine ya kupumua. Spora za Aspergillus zinaweza kumletea ugonjwa mzito wa mapafu mtu ambaye kinga yake ya mwili imedhoofu, na mwalimu hawezi kujua kwa kumtazama mtoto kama ni mmoja wao. Kufagia stoo kavu kwa ufagio huzirusha spora hewani kwa wingi kuliko kuziacha zilivyo.

Kazi hiyo ni ya watu wazima wasio na pumu, wenye barakoa nene ya aina ya N95, glovu na vazi la kufuliwa siku hiyohiyo, na ifanyike nje. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Kuvu ikiwa imeenea katika sehemu kubwa ya chumba, wanafunzi wasikitumie hadi kisafishwe. Kitabu hununuliwa kingine. Pafu halinunuliwi.

Kipi kiokolewe

Hakuna shule yenye mikono ya kuokoa kila kitu, na kujidai hivyo huishia kutookoa chochote. Kitabu cha kiada chenye nakala 80, kikiwa kimeoza, kifutwe kwenye leja na kiteketezwe. Maandishi yake hayajapotea, kwani Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Kitabu cha hadithi kinachopatikana dukani kipimwe kwa bei yake dhidi ya saa za kukisafisha.

Lakini kila shule kongwe ina vitu ambavyo haviko mtandaoni wala dukani: rejista za wanafunzi wa kwanza, kumbukumbu za vikao, magazeti ya shule, matoleo ya zamani ya fasihi ya Kiswahili ambayo hayachapwi tena. Hivyo ndivyo vya kuokolewa kwanza, na ndivyo hukaa chini kabisa ya lundo. Pwani tunajua gharama ya kuchelewa. Miswada ya kale ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu iliyotufikia ni michache, na unyevu na wadudu ni miongoni mwa walioila mingine. Hatuwezi kurudisha iliyokwisha kwenda. Tunaweza kutoongeza orodha.

Kinga na hukumu

Kinga yenyewe haihitaji mfadhili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo ichukuliwe kama agizo kwa fundi: zibeni ufa, rekebisheni mfereji wa paa, ondoeni udongo na maua yaliyolundikwa kwenye ukuta wa nje. Rafu isogezwe kama upana wa kiganja kutoka ukutani, na ubao wa chini uwe juu ya sakafu kwa sentimita 15. Vitabu visibanwe. Kabati la chuma litobolewe matundu nyuma na juu, au mlango wa bati ubadilishwe kwa wavu, maana wavu hushika kufuli sawasawa na bati. Madirisha yafunguliwe saa za jua na yafungwe kabla ya mvua na kabla ya giza. Kipimo kidogo cha unyevu kiwekwe ukutani, na tarakimu zake ziandikwe daftarini na klabu ya sayansi. Likizo ya Disemba iwe na zamu: mtu mmoja, mara mbili kwa wiki, saa tatu za madirisha wazi.

Yote hayo yatashindwa leja isipobadilika. Napendekeza safu moja tu iongezwe kando ya idadi: hali ya kitabu. Mthibiti ubora wa shule akifika, asiishie kuhesabu; achomoe vitabu kumi kutoka rafu ya chini nyuma, avifungue na avinuse. Mwalimu aliyeazimisha vitabu 300 na kupoteza 6 asifiwe kuliko aliyefungia 300 vikaoza vyote vikiwa kamili. Swali likibadilika, kufuli litafunguka lenyewe, na upepo wa bahari utafanya kazi yake bila malipo.

Mkuu wa shule unayesoma haya, mvua zijazo huwezi kuzizuia. Nenda leo kwenye kabati lililofungwa muda mrefu kuliko yote shuleni kwako, ulifungue, na umpe mtoto kitabu cha kwanza utakachokikuta kizima.